Seti ya matanga ya windisafingi: maana yake na namna ya kuipanga kwa upepo wa Ziwa Nyasa

Katika windisafingi, mchezo ambao mtu husimama juu ya ubao wenye mlingoti na kulishika tanga kwa mikono yake mwenyewe, seti ya matanga ni matanga machache ya ukubwa tofauti yanayomilikiwa na mwendeshaji mmoja, yakiwa yamepangwa ili kila moja lianze kazi pale ambapo jingine limeshindwa. Ukubwa hupimwa kwa mita za mraba. Seti haitokani na wingi: mtu anaweza kuwa na matanga sita na bado akabaki ufukweni siku ya upepo mkali, ikiwa manne kati yake yanafanya kazi ileile na hakuna dogo la kutosha.

Haja ya seti inatokana na mambo mawili. Kwanza, tanga la ubao halipunguzwi likiwa majini. Anayetaka dogo zaidi lazima arudi nchi kavu akafunge jingine. Pili, nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukipanda kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40, kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini msukumo kwenye tanga lilelile umekaribia kuwa mara 1.8 ya ule wa awali. Ndiyo maana tanga lililokuwa raha saa saba mchana linaweza kumshinda mtu mwenye nguvu saa tisa, bila yeye kuona mabadiliko makubwa juu ya maji.

Wazoefu wa mchezo huu hutumia kanuni nyepesi ya kukadiria. Uzito wa mwendeshaji kwa kilo huzidishwa kwa 2.5, kisha jibu hugawanywa kwa kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa, na kinachopatikana ni ukubwa wa tanga utakaouwezesha ubao kuinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyasukuma. Mwenye kilo 80 hupata 200 ya kugawanya: upepo wa kilomita 25 humpa tanga la 8.0, wa 40 humpa la 5.0, na wa 50 humpa la 4.0. Mwenye kilo 60, katika upepo huohuo wa 40, anahitaji takriban 3.8 tu, na kwa hiyo kununua seti kwa kuiga ya rafiki mnene au mwembamba zaidi ni kupoteza fedha. Kanuni hii haimhusu anayeanza kujifunza, ambaye anafaa tanga dogo jepesi katika upepo mdogo, juu ya ubao mpana wenye ujazo mkubwa.

Kinachosumbua wengi ni nafasi kati ya tanga na tanga, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Watu hupenda kuachanisha matanga kwa kiasi kinacholingana, tuseme nusu mita ya mraba kila hatua, wakiamini kwamba huo ndio mpangilio wa haki. Lakini nusu mita kutoka 4.0 hadi 4.5 ni ongezeko la asilimia 12.5, wakati nusu mita kutoka 8.0 hadi 8.5 ni chini kidogo ya asilimia 6.3, tofauti ambayo mwendeshaji wa kawaida hataihisi. Kipimo sahihi ni uwiano. Kila tanga huweza kurekebishwa: kamba ya chini ya mlingoti ikikazwa zaidi, tanga huwa bapa, na sehemu yake ya juu hulegea ikamwaga upepo, ikilegezwa kidogo, tanga hujaa tumbo na kupata nguvu. Kwa sababu ya marekebisho hayo, tanga moja hutumika katika kasi kadhaa za upepo, na hatua ya asilimia 20 hadi 25 kutoka moja hadi jingine huwa haiachi pengo kubwa. Matokeo yake ni kwamba matanga madogo yatakaribiana kwa namba na makubwa yataachana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, maji ya wazi kwa mchezo huu ni Ziwa Nyasa, na kwa wa Mbeya njia ni kuteremka Tukuyu hadi Kyela na Matema. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini. Upepo wa kusini-mashariki unaojulikana kama mwera, ambao huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, husukuma mawimbi kwa safari ndefu kabla hayajafika ufukwe wa Matema, na Milima ya Livingstone iliyosimama upande wa mashariki huufanya upepo ujipinde na kupiga kwa vishindo, yaani kwa nguvu ya ghafla kisha kutulia. Mahali penye vishindo, tanga huchaguliwa kwa kuangalia kishindo na si utulivu unaokifuata. Kwa hiyo ningemshauri mwenye kilo 80 aanze na seti ya 4.2, 5.2 na 6.5, ambayo kwa kanuni ile inafaa kuanzia kilomita 31 hadi 48 kwa saa, pamoja na ziada ya marekebisho pande zote mbili. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa zifuatwe kabla ya lolote. Zinapotangaza upepo mkali, hata la 4.2 libaki kwenye mfuko wake.

Wapo watakaouliza kuhusu tanga la 8.0 kwa siku za upepo hafifu. Mimi sioni kama linafaa kununuliwa mapema, kwa kuwa halisafiri peke yake: hudai mlingoti mrefu zaidi, mti mrefu zaidi wa kushikia tanga, pezi kubwa chini ya ubao, na mara nyingi ubao mpana zaidi. Matanga matatu niliyoyataja huweza kuhudumiwa na milingoti miwili, wa sentimita 400 na wa 430, mradi mnunuzi asome urefu uliochapishwa kwenye kila tanga kabla ya kulipa. Tanga lililofungwa kwenye mlingoti usioendana nalo hupoteza umbo, na kurekebisha kamba hakusaidii tena.

La 5.2 linunuliwe kwanza na litumike msimu mzima. Mwendeshaji akijikuta mara nyingi amezidiwa na upepo, linalofuata ni 4.2, akijikuta mara nyingi amesimama tu juu ya ubao akisubiri, linalofuata ni 6.5.