Treni nunua mwisho: tulivyojenga mzunguko wa Mazeras juu ya plaiwudi

Mgeni akiingia kwetu akaiona ile meza, swali lake la kwanza ni "Treni mlinunua wapi?" Mimi huanza kumweleza habari za kokoto, na wengi huchoka mapema. Lakini nimefanya kazi ya njia ya reli zaidi ya miaka ishirini, na katika kazi ile treni ilikuwa kitu cha kupita tu. Inapita, unarudi kwenye mataruma yako, zile nguzo za kulala zinazobeba vyuma vya reli. Ukitaka kujenga reli ndogo na watoto, treni inunue mwisho. Ukianza nayo mtaizungusha sakafuni siku tatu, ya nne itakuwa chini ya kitanda.

Wajukuu wangu watatu walitaka kujenga Mombasa hadi Kisumu, yote, na stesheni zake. Sikuwakatalia, niliwapa kikokotoo. Kipimo chetu ni 1:87, wenyewe wanakiita HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kwa njia ya zamani, Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 530 hivi. Gawanya kwa 87, bado una kilomita sita za reli, na chumba chetu kina mita nne. Kimya kikatanda. Hapo ndipo tulipokubaliana kuchagua mahali pamoja, nami nikapendekeza Mazeras, ambapo njia ya zamani, katika kupanda kutoka pwani, inajizungusha na kupita juu ya njia yake yenyewe. Mtoto yeyote akiliona hilo huuliza "kwa nini?", na jibu lake ndilo somo zima la reli: treni haiwezi kupanda kama matatu. Ukikosa nafasi ya kurefusha njia kwenda mbele, unairefusha kwa kuizungusha.

Kabla ya mwinuko kuna suala la upana, na hapa watu wengi hukosea dukani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR, ile reli mpya iliyoanza kubeba abiria 2017, ina 1,435. Gawanya 1,435 kwa 87 upate 16.5, na huo ndio upana wa njia ya HO inayouzwa kila mahali. Kwa hiyo anayetaka SGR mezani hana taabu. Sisi wa njia ya zamani tunapata 11.5, na kilicho karibu nayo ni njia ya milimita 12, iitwayo HOm. Hiyo hutengenezwa zaidi kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, ambazo nyingi nazo ni za mita moja. Bei yake tusiizungumze.

Njia ya mkato ni kununua ya 16.5 na kuiita ya mita moja. Nilitaka kufanya hivyo, nakiri. Mjukuu wa kwanza akapima kwa rula, akaniambia, "Babu, hii si yetu." Basi tukanunua vyuma vya reli vitupu, mengine tukatengeneza wenyewe.

Sasa mwinuko. Plaiwudi ya hadiwea ni futi 4 kwa 8, yaani upana wa sentimita 122. Duara kubwa linaloingia humo bila treni kuning'inia ukingoni lina nusu kipenyo cha sentimita 55. Mzunguko wake mmoja ni sentimita 345. Treni yenye kimo cha mita 3.8, kwa kipimo chetu, ina sentimita 4.4, ongeza unene wa ubao wa njia ya juu na nafasi ya kupumua, utahitaji kupanda sentimita 7 ndipo njia ivuke juu ya yenyewe. Saba kwa 345 ni asilimia 2 na kidogo. Hiyo inapandika. Zaidi ya 3 utaanza kuona magurudumu yanazunguka na treni imesimama.

Tuliweka vigingi vya mbao kila baada ya sentimita 30. Kwa asilimia 2 kila kigingi kinazidi mwenzake kwa milimita 6: 6, 12, 18, 24, hivyo hivyo. Yule wa darasa la nne ndiye aliyevikata, na jedwali lake la sita sasa analijua usingizini.

Mataruma tulikata kutoka vijiti vya aiskrimu. Kwa nafasi ya milimita 8 baina ya taruma na taruma, mzunguko mmoja unakula 430 hivi. Nyanya yao alikaa na mkasi jioni mbili akisikiliza redio; nadhani yeye peke yake alikata nusu. Kila taruma la kumi si la mti bali ni kipande cha ubao wa saketi wenye ngozi ya shaba, na hapo ndipo chuma cha reli kinapolehemiwa. Zingatia hili: umeme wa volti 12 unapita kwenye vyuma vyote viwili, huu chanya na huu hasi, kwa hiyo shaba ya taruma lazima ikwaruzwe katikati mpaka ikatike. Tulisahau moja. Transfoma ikawa inajizima kila tukiwasha, nasi tukatafuta shoti hiyo Jumamosi nzima, taruma baada ya taruma, kwa taa ya simu. (Upande wa umeme wa nyumba watoto hawagusi. Hilo halina mjadala.)

Kokoto za kujaza kati ya mataruma ndizo zilizonitia aibu. Tunaishi pwani, mchanga ni wa bure, nikachota ndoo, nikaumwagia gundi. Wiki ya pili injini ya kuazima ikaanza kulia kama mbu, kisha ikanyamaza. Tulipoifungua, sumaku ya mota ilikuwa imeota ndevu: chembechembe nyeusi za chuma zilizokuwa kwenye mchanga. Na ile chumvi ya bahari haifai karibu na chuma chochote. Sasa tunachukua vumbi la machimbo, tunalichekecha, tunaliosha, tunalianika, kisha tunapitisha sumaku iliyovikwa mfuko wa plastiki. Ukiuvua mfuko, chembe zinadondoka zenyewe. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye badala ya kusimama juu kama umande. Vilima tulivifinyanga kwa magazeti na uji wa unga wa ngano, na mende wakavila. Vya pili ni vya gundi.

Injini tunayoiota ni Garratt, injini ya mvuke, ya daraja la 59, zile zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ina urefu wa zaidi ya mita 31, kwetu ni kama sentimita 36. Bado ni vipande vya plastiki ndani ya boksi la viatu.

Kwa hivyo jaribio la kwanza lilikuwa la dizeli ndogo ya mitumba na mabehewa saba. Ikafika theluthi mbili ya mzunguko ikagoma. Kona nayo ina uzito wake: magurudumu yanajisugua kwenye chuma, na asilimia 2 inakuwa kama 3 na zaidi. Tukapunguza yakawa matano, ikapanda. Ila behewa la mwisho likawa linachomoka mahali pale pale. Nikapima upana: 12. Nikaweka pimamaji: sawa. Mdogo wao, wa miaka sita, akapitisha ukucha kwenye kiungio, upande wa ndani. "Babu, hapa panakwaruza." Palikuwa na ukoko wa lehemu mwembamba kama unywele. Tuliusugua kwa tupa ya kucha ya nyanya yake, ambayo mpaka leo anaiulizia.