Accord Euro R ya 2002 hadi 2008: dhana zinazowapoteza wanunuzi, na ukweli wake

Honda Accord Euro R ya umbo la CL7 iliuzwa Japani kuanzia mwishoni mwa 2002 hadi 2008, kisha ikasitishwa bila kuachiwa mrithi. Ni sedani ya milango minne yenye usukani wa kulia, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na ndani yake kuna injini ya K20A ya sisi 1,998 isiyo na turbo pamoja na giaboksi ya gia sita za mkono. Anayeitafuta leo hukutana na washauri wa aina mbili: mmoja humwambia aachane na gari lililokwisha kusitishwa, mwingine humhimiza alinunue upesi kabla halijaadimika kabisa. Pande zote mbili mara nyingi husimamia mambo yasiyo ya kweli, na huniuma kuona mtu akitoa akiba yake kwa sababu isiyo sahihi, kama inavyoniuma kuona mwingine akiacha gari zuri kwa hofu isiyo na msingi.

"Ikiandikwa CL7 na injini ikiwa K20A, hiyo ni Euro R"

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote. Huko Japani, Accord ya kawaida ya lita mbili inayovutwa na magurudumu ya mbele nayo ni CL7, na injini yake nayo imeandikwa K20A. Tofauti imejificha ndani: injini ya kawaida hutoa nguvu za farasi 155, ilhali ya Euro R hutoa 220 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, kwa kuwa hedi (kichwa cha injini), kamshafti (shafti inayofungua vali), pistoni na njia za kuingizia hewa ni tofauti kabisa. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha herufi za CL7 kwenye kibati cha gari na K20A kwenye bloku huenda hasemi uongo hata kidogo, na bado akawa anakuuzia gari ambalo silo.

Dalili za haraka ni tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) nyekundu, viti vya mbele vya Recaro, usukani wa MOMO na dashibodi ambayo eneo jekundu la mizunguko huanza baada ya 8,000. Tatizo ni kwamba viti hufunguliwa kwa boliti chache, usukani hubadilishwa kwa mchana mmoja, na tapeti kava hupakwa rangi na fundi yeyote. Dalili iliyo ngumu zaidi kughushi ni giaboksi yenyewe, kwa sababu kugeuza gari la otomatiki liwe la gia sita za mkono kunahitaji pedali, waya, mauntingi na kompyuta ya injini, na kazi ya namna hiyo huacha alama. Chungulia chini ya dashibodi mahali pedali ya klachi ilipofungwa. Kama bati limetobolewa kwa drili au waya zimeungwa kwa tepu, uliza maswali. Baada ya hapo chukua namba kamili ya chesisi na uilinganishe na katalogi ya vipuri ya Honda pamoja na karatasi ya mnada ya Japani, ambako toleo la gari huandikwa. Asiyetaka kukupa namba ya chesisi kabla ya malipo amekwisha kukupa jibu.

Jina nalo huwapotosha wengi, wakadhani Euro R ni gari lililotoka Ulaya. Toleo hili liliuzwa kwa wanunuzi wa Japani. Ulaya walipata Accord ya umbo hilohilo ikiwa na injini nyingine, na Marekani ikauzwa kwa jina la Acura TSX ikiwa na injini ya lita 2.4.

"Gari la kuvuta mbele haliwezi kuwa gari la mwendo"

Katika nchi ambazo vijana wamekulia kwenye Subaru Impreza, Altezza na Mark X, kauli hii husemwa kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Ina chembe ya ukweli: gari linapoondoka kwa nguvu uzito huhamia nyuma, magurudumu ya mbele yakapungukiwa na mshiko, na kwenye barabara yenye maji Subaru inayoendeshwa kwa magurudumu manne itaondoka vizuri zaidi. Tena tairi za mbele hubeba kazi ya kuvuta, ya kukata kona na sehemu kubwa ya kufunga breki, kwa hiyo huisha mapema kuliko za nyuma.

Ila kauli hiyo husahau kifaa ambacho Honda ilikiweka makusudi ndani ya giaboksi ya Euro R, yaani difu ya helikali inayodhibiti kuteleza. Difu ni gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ya kawaida, gurudumu la ndani ya kona likikosa mshiko, huruhusu nguvu ipotee hukohuko na gari likasukumwa nje ya kona. Difu ya helikali, kwa msuguano wa gia zake zenyewe, hupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu lenye mshiko, na dereva anayekanyaga mafuta katikati ya kona huhisi pua ya gari ikivutwa kuelekea ndani. Haina sahani za msuguano za kubadilisha. Inachodai ni oili sahihi ya giaboksi, ibadilishwe kwa wakati. Ina mpaka wake pia: gurudumu moja likining'inia hewani kabisa, difu ya aina hii hubaki na uwezo mdogo sana wa kusaidia.

Wengine huogopa usukani kuchomoka mkononi pale gari linapokanyagwa. Ugonjwa huo ni hasa wa magari ya kuvuta mbele yenye turbo, yanayotoa msukumo mkubwa kwa ghafla. Euro R hutoa msukumo wa Nm 206 tu, tena kwenye mizunguko 6,000, na nguvu yake hupanda taratibu. Ukiijaribu na usukani ukavuta upande mmoja kwa nguvu, angalia kwanza bushi, tairi zisizolingana au alaimenti, kabla ya kuulaumu mfumo wa kuvuta.

"Nimeijaribu, haina nguvu, injini imechoka"

Mtu akiijaribu Euro R kwenye foleni ya Mwenge jijini Dar es Salaam au barabara ya Mombasa jijini Nairobi asubuhi, atatoka amekata tamaa, na Mark X ya sisi 2,500 itaonekana nyepesi kuliko hiyo. Hajakosea alichokihisi, amekosea alichokihitimisha. Kamshafti ya injini hii ina nundu za aina mbili: zile za mwendo wa kawaida, na zile kubwa ambazo mfumo wa VTEC huziingiza kazini karibu na mizunguko 6,000. Chini ya hapo unaendesha gari la lita mbili la kawaida. Juu ya hapo sauti hubadilika, na gari linaendelea kuvuta mpaka 8,000 na ushee. Mtu ambaye safari zake zote ni za mjini, na ambaye hapendi kubadilisha gia mara kwa mara, hatapata thamani ya pesa yake hapa, na ni heshima kumwambia hivyo mapema.

Upande wa pili, injini ambayo haibadiliki kabisa hata ikifika 7,000 ina kasoro. VTEC huendeshwa kwa presha ya oili, na kompyuta haitairuhusu ifanye kazi oili ikiwa imepungua au presha yake ikiwa haitoshi. Chomoa dipstiki kwanza. Oili ikiwa sawa, kuna kichujio kidogo cha wavu chini ya solenoidi (vali ya umeme) ya VTEC, ubavuni mwa hedi, ambacho huziba kwa uchafu wa oili isiyobadilishwa kwa muda mrefu. Ukikifungua na kukikuta kimejaa masizi mazito meusi, umesoma historia ya matunzo ya gari hilo vizuri kuliko daftari lolote la huduma, na hata kama kukisafisha kutaiamsha VTEC, jiulize kamshafti na mnyororo vimeishije miaka yote hiyo. Ndiyo, ni mnyororo: K20A haina mkanda wa taiming, na fundi anayekudai pesa za kubadilisha mkanda anakutoza kitu ambacho hakipo. Kelele ya kukwaruza kwa sekunde chache injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi inastahili kuchunguzwa kabla ya kununua. Nafasi za vali nazo hurekebishwa kwa skrubu, kwa hiyo zinahitaji kupimwa kila baada ya muda, kazi ambayo gereji nyingi huiruka.

Wakati wa majaribio, ipandishe mizunguko, kisha ingiza gia ya pili na ya tatu kwa haraka ya wastani. Ikikwaruza, giaboksi inadai kufunguliwa, na gharama yake lazima iingie kwenye bei.

"Limesitishwa, kwa hiyo halina spea"

Jibu linategemea spea ipi. Kusitishwa huwa na ukali pale gari linapokuwa halishirikiani chochote na jingine, na Euro R inashirikiana mengi. Sehemu nyingi za sapensheni, vioo, milango, taa na vitu vingi vya ndani vinatoka kwenye Accord ya kawaida ya umbo lilelile, iliyouzwa duniani kwa wingi. Bushi kubwa ya mkono wa chini wa mbele, ambayo hupasuka mapema na kulifanya gari lihisi limelegea breki zinapofungwa, hupatikana bila shida, na vivyo hivyo bolijointi. Injini ni ya familia moja na ile ya Integra Type R ya umbo la DC5. Hata fundi wa mtaani aliyezoea CR-V ya kizazi cha pili ameshika injini ya ukoo wa K mara nyingi, ingawa hedi na kamshafti za CR-V haziwezi kuchukua nafasi ya hizi.

Ugumu uko kwenye vile vya Euro R peke yake: bampa zake, viti, kompyuta ya injini, ndani ya giaboksi, hedi. Vitu hivi huagizwa Japani, mara nyingi vikiwa vimetumika. Gari lililogongwa mbele na kuvishwa bampa ya Accord ya kawaida linaweza kuwa zima, ila kulirudisha katika hali yake kutakugharimu pesa na subira.

Kuhusu petroli, Honda iliitengeneza Euro R kwa ajili ya petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha Japani ina oktani (kipimo cha petroli kutojiwasha kabla ya wakati) 96 au zaidi. Ukiweka yenye oktani ndogo haitakufa siku hiyohiyo, kwa kuwa kihisi kinachotambua injini ikigonga huifanya kompyuta irudishe nyuma muda wa cheche, lakini sehemu ya nguvu uliyoilipia itapotea. Ulizia oktani kwenye kituo unachokitegemea.

"Bei ya Japani ni ndogo, basi ni gari la bei nafuu"

Kwa Mkenya na Mganda, swali la kuagiza limekwisha kufungwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku magari yenye miaka 15 na zaidi kwa sheria ya 2018. Euro R ya mwisho kabisa ni ya 2008. Kwao chaguo ni magari yaliyokwisha kuingia nchini, na hapo umakini wote uende kwenye uchunguzi wa gari lenyewe.

Tanzania bado mtu anaweza kuagiza, ila gari lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa ujazo wa injini na VAT. Sisi 1,998 zinaliokoa kidogo, maana kundi la hadi 2,000 hutozwa asilimia 5 badala ya 10. Fanya hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kutuma hata senti, kwa kuwa mamlaka hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake na si lazima ifanane na bei uliyolipa.

Karatasi ya mnada isomwe yote, siyo alama ya juu peke yake. R au RA kwenye alama hiyo maana yake gari liliwahi kugongwa sehemu muhimu na likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, S ni kutu na C ni kutu iliyoanza kula bati. Kwa Accord hii tafuta herufi hizo kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hasa gari likitoka kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari la namna hiyo likiletwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kwenye upepo wa bahari, kutu haitapumzika.

"Linunue, thamani itapanda"

Inawezekana bei za Japani zikapanda, kwa sababu Marekani huruhusu magari ya nje yaliyofikisha miaka 25, na Euro R za kwanza za CL7 zinafikia umri huo kuanzia 2027. Lakini bei ya mnada wa Japani haikufuati mpaka yadi ya Dar es Salaam. Huku wanunuzi wa Honda ya gia za mkono ni wachache, nao wanalijua gari hili kwa undani, hivyo siku ya kuuza unaweza kusubiri sana kumpata mmoja. Akija, ataanza kwa kuangalia kama viti ni vya asili, kama kompyuta ni ileile na kama bampa zipo. Ukibadilisha kitu chochote katika gari hili, usikitupe wala kukiuza kile cha asili. Kifunge vizuri, ukiweke stoo pamoja na risiti zake.