"Ongeza gesi lipande zaidi": puto la utafiti haliendi hivyo

Wiki iliyopita wanafunzi wa uhandisi walinijia na mitungi miwili ya heliamu badala ya mmoja. "Mwalimu, tumeongeza gesi ili puto lifike juu zaidi." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara inagharimu mpira mzima.

Puto la mpira halikomi kupanda kwa kuishiwa nguvu. Linapasuka. Kadiri linavyopanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua na gesi ya ndani inatanuka. Kwenye kilomita 30 mgandamizo uliobaki ni kama asilimia 1 tu ya ule wa usawa wa bahari. Puto lililoondoka ardhini na kipenyo cha mita 2 huko lina karibu mita 8. Kila mpira una kipenyo chake cha kupasukia, nacho kimeandikwa kwenye karatasi inayokuja nao, isomeni! Ukilijaza kupita kiasi, umeshautanua mpira kabla safari haijaanza. Litaondoka kwa kasi, mtapiga makofi, kisha litapasuka chini ya kimo mlichokitaka. Anayetaka kimo kikubwa hupunguza gesi, hupunguza mzigo, yaani sanduku la vifaa linaloning'inia chini ya puto, au hununua mpira mkubwa zaidi.

Wala msilinyime gesi. Likipanda polepole mno, upepo utalisukuma mbali na mtaufuata mzigo hadi wilaya ya tatu. Mwendo mzuri ni kama mita 5 kwa sekunde, yaani dakika 100 hivi kufika kilomita 30. Mimi sikadirii kwa macho. Nachukua chupa ya plastiki, naitia maji mpaka mizani isome uzito wa mzigo, kamba na parachuti, pamoja na ziada niliyoikokotoa, yaani nguvu ya kulipandisha puto kwa mwendo huo, kisha naifunga kwenye shingo ya puto. Chupa ikining'inia hewani bila kupanda wala kushuka, nafunga gesi. Kazi hii ni ya alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana puto likiyumba chupa haikuambii kitu. Gesi iliyobaki mtungini inangoja safari nyingine.

Wengine wanaamini kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia, kwa kuwa picha zinaonyesha anga jeusi. Kwenye kilomita 30 mvutano umepungua kwa takriban asilimia 1. Mzigo wako una uzito uleule, na parachuti unaihitaji.

Kuhusu baridi, nusu ya hofu ni kweli. Juu ya ikweta, karibu na kilomita 17, hewa hushuka hadi nyuzi 80 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo tumieni betri za lithiamu. Lakini hewa ikiwa nyembamba hivyo haibebi joto. Nimefungua sanduku lililozungushiwa povu tabaka tatu nikakuta kompyuta ndogo imejizima kwa joto lake yenyewe. Povu tabaka moja linatosha.

Eti satelaiti zimeyafanya maputo kuwa ya kizamani! Vituo vya hali ya hewa duniani vinayarusha kila siku kwa vipimo vya saa 9 usiku na saa 9 alasiri, kwa saa zetu, na vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika kuhakiki satelaiti zenyewe. Huku kwetu kazi hii ni ya zamani: mwaka 1908 msafara wa Arthur Berson, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, ulirusha maputo Ziwa Victoria kupima pepo za juu. Na Juni 2014, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipotaka kujaribu parachuti ya kutua kwenye sayari ya Mirihi, chombo kilibebwa na puto kutoka Kauai, Hawaii, hadi kama kilomita 36, kisha roketi ikakisukuma juu zaidi, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba kama ya Mirihi. Parachuti ilichanika. Heri ichanike hapa duniani.

Kisha wapo wa "ni puto tu, kibali cha nini?" Ndege za abiria hupita kwenye kilomita 10 hadi 12, na mzigo wenu utakatiza hapo mara mbili, kwenda na kurudi. Bila barua ya mamlaka ya usafiri wa anga, sifungui mtungi.