Je, wajua kwa nini nchi inaweza kukosa wauguzi huku wauguzi wakikosa kazi?

Wodi ya wazazi ina mkunga mmoja usiku kucha, na wakati huohuo wakunga waliohitimu wako nyumbani wakisubiri ajira. Mara nyingi chanzo ni wizara tatu kupanga kila moja kivyake: ya elimu hugawa nafasi za vyuo, ya afya huhesabu mahitaji, na ya fedha ndiyo yenye mishahara.

Hesabu ya mahitaji yenyewe hukosewa mapema. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Kinafaa kulinganisha nchi. Hakipangi ikama, yaani idadi ya watumishi, ya kituo cha afya. Kwa kituo, shirika hilohilo lina njia ya kupima mzigo wa kazi. Mwaka una siku za kazi 260. Toa 20 za likizo, 10 za sikukuu na 10 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki 220, yaani saa 1,760 kwa saa 8 kila siku. Tuseme kila mzazi anahitaji saa 6 za mkunga: kituo kinachozalisha wanawake 1,500 kwa mwaka kinahitaji saa 9,000, sawa na wakunga 5.1. Ripoti na vikao vikila moja ya tano ya muda, idadi inapanda hadi 6.4. Asiyehesabu likizo na ripoti hupeleka wakunga wanne, kisha hushangaa wanapochoka na kuhama.

Kuhama huko ndiko mipango mingi husahau. Nchi yenye wauguzi 10,000 ikipoteza asilimia 4 kwa mwaka, kwa kustaafu, vifo na kwenda ng'ambo, inawapoteza 400. Ikiajiri wapya 500, ongezeko halisi ni asilimia 1 tu. Idadi ya watu ikikua kwa asilimia 2.5, uhaba unazidi licha ya sherehe za mahafali.

Halafu kuna muda. Daktari husoma miaka 5 au 6, hufanya utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini), na ubingwa humwongezea walau miaka 3. Bajeti ni ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nafasi za vyuo zipangwe pamoja na makadirio ya mishahara ya miaka 10, na yarekebishwe kila mwaka. Data itoke kwenye leseni zinazohuishwa, kwa sababu daftari la usajili lisilosafishwa huendelea kuhesabu waliokufa na waliohama.