Akizima, usimwache alale peke yake

Nafanya kazi kama afisa wa kliniki katika chumba cha dharura hapa Kisumu. Likizo ya Desemba ikifika, tunajua watakaoletwa Jumapili alfajiri: watoto wa sekondari waliozima kwa pombe, wametoka disko matanga au kwa rafiki ambaye wazazi wake wamesafiri. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi wenzao walikuwa wameona mapema kuwa hali si nzuri, wakaambiana, "Mwacheni alale, itamtoka."

Ini huvunja pombe kwa mwendo wake, na chupa moja ya bia ya mililita 500 hulichukua saa mbili hivi. Kahawa, maziwa, ndimu au kumwagiwa maji baridi haviharakishi kitu. Maji yale humpoza tu mtu ambaye mwili wake tayari unapoteza joto. Tena kijana aliyebugia chang'aa harakaharaka akalala, pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu. Kwa hiyo anaweza kuwa mahututi zaidi saa moja baada ya glasi ya mwisho kuliko alipokuwa anapepesuka. Pumzi hupungua, koo hulegea, na akitapika akiwa amelala chali, matapishi huingia kwenye mapafu.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Ini lililoshughulika na pombe hushindwa kutengeneza sukari ambayo mwili unaitegemea usiku. Kijana ambaye hajala tangu mchana anaweza kuishiwa sukari hadi apate degedege, na walio karibu wakidhani ni ulevi tu. Ndiyo maana akifika kwetu, miongoni mwa mambo ya kwanza ni kumtoboa kidole tupime sukari.

Pombe isiyojulikana ilikotoka ina hatari yake: methanoli, yaani pombe ya viwandani ambayo ni sumu. Mei 2014 iliua makumi ya watu Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Dalili zake huweza kuchelewa hata siku nzima, kijana ameshaamka na kuonekana mzima, kisha macho yanaanza kuona ukungu na tumbo linasokota. Akikwambia haoni vizuri, usingoje kesho.

Sasa, mwenzako amezima. Mwite kwa sauti, mfinye. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Asipoitika, au pumzi zikiwa chini ya nane, au akikaa sekunde kumi bila kuvuta pumzi, au midomo ikiwa ya kibuluu, au akipata degedege, hata moja tu kati ya hayo yatosha kumkimbiza hospitalini. Mkingoja gari, mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini kidogo, na mmoja wenu akae naye asiondoke. Msimlazimishe kutapika wala kumnywesha chochote. Tafadhali, msimbane katikati kwenye bodaboda kichwa kikining'inia, kwa sababu hapo njia ya hewa huziba. Tafuteni gari, au tuktuk mwenye nafasi ya kumlaza ubavu. Na njooni na chupa aliyoinywea.

Tukiuliza alikunywa nini na saa ngapi, tunatafuta dawa ya kumpa. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na aliyemuuzia ndiye mwenye kesi. Usiogope kutuambia ukweli.

Mzazi nawe, zungumza naye kabla shule hazijafungwa. Mwambie ale kabla ya kutoka, na kwamba akikwama yeye au rafiki yake, akupigie saa yoyote. Utakuja, na maswali yatakuwa kesho. Halafu akipiga saa nane usiku, timiza hivyo hivyo, maana ukimfokea kwenye simu, safari nyingine hatapiga. Na kama kwa mwanao pombe imeshakuwa ya kila wiki, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana nambari ya simu ya bure, 1192, ya kuomba ushauri.