Kufunga Baraza kwa Vioo Nairobi: Dhana Potofu na Ukweli

Nyumba nyingi za Nairobi, kuanzia bangalo za zamani za Karen na Lavington hadi nyumba za ghorofa moja katika mitaa yenye lango la pamoja, zina baraza nyuma ya sebule: sakafu ya saruji au vigae, paa jepesi la mabati au hakuna paa kabisa, na viti ambavyo hukaa bila watu kuanzia Juni hadi Agosti, anga inapojifunga mawingu na baridi ya asubuhi kuwarudisha wote ndani. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi huwaza kulizungushia baraza hilo fremu za aluminiamu na vioo, wapate chumba chenye mwanga cha kusomea, kunywea chai na kuoteshea maua. Wazo hilo ni zuri, na likitekelezwa kwa uangalifu huwapa watu wa nyumbani starehe ya miaka mingi. Hata hivyo, ushauri mwingi unaosambaa kulihusu umetoka katika nchi za theluji, ukachukuliwa jinsi ulivyo na kuletwa katika jiji lililo digrii moja na ushei tu kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hapa kwetu, kinachokiharibu chumba cha vioo ni jua, hewa iliyokwama na maji, wala si baridi.

Dhana: Nairobi ni jiji la baridi, kwa hivyo vioo vingi zaidi ndivyo bora zaidi

Baridi ya Nairobi ipo, lakini ni baridi inayomalizwa na sweta. Hata Julai, ambao ndio mwezi wa baridi zaidi, joto la mchana wa kawaida hufika nyuzi 21 au 22 za selisiasi, ilhali Februari na Machi hupanda hadi karibu 27. Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi, ukagonga sakafu, viti na kuta, na hapo ukageuka kuwa joto. Joto hilo haliwezi kupenya kioo kurudi nje kama mwanga ulivyoingia, na hewa iliyopata moto, ikikosa tundu la kupandia, hubaki pale pale. Kioo cheupe cha kawaida, yaani kisichotiwa rangi, cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya nishati ya jua linalokipiga. Chumba kilichozungukwa na kuezekwa kwa vioo vya aina hiyo huwa tanuri mchana wa Februari, na mwenye nyumba aliyekijenga ili aikimbie baridi ya Julai hujikuta akikikimbia chumba chenyewe.

Paa ndilo lenye uzito zaidi katika jambo hili. Katika nchi za kaskazini ya mbali, jua la majira ya baridi hupita chini, karibu na upeo wa macho, na ndiyo maana washauri wa huko husisitiza kwamba vioo vielekee kusini na husifu paa la kioo. Jijini Nairobi jua la adhuhuri hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Juni huinama upande wa kaskazini kwa digrii 25 hivi tu, na Desemba huinama upande wa kusini kwa digrii 22 hivi. Kwa hivyo, saa za mchana ambapo jua ni kali zaidi, paa hupigwa kuliko ukuta wowote ule, na hali hiyo haibadiliki mwaka mzima. Kwa maoni yangu, anayejenga hapa asiezeke chumba hiki kwa kioo kabisa. Aweke paa lisilopitisha mwanga, lenye kizuizi cha joto kati ya mabati na dari, na akitaka mwanga wa juu, atenge ukanda mwembamba upande ambao mti au ukuta wa nyumba huutia kivuli.

Kuta nazo hazilingani. Zile zinazotazama kaskazini na kusini ni rahisi kuzilinda, kwa sababu jua huzifikia likiwa juu: ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 hutia kivuli takriban sentimita 130 za ukuta wakati wa adhuhuri, hata katika mwezi ambao jua limeinama zaidi upande huo. Ukuta wa magharibi ndio wenye taabu, kwa kuwa jua la alasiri huzidi kushuka hadi likapita moja kwa moja chini ya ukingo wowote. Upande huo unafaa kupunguziwa vioo, kujengwa ukuta wa mawe hadi kiunoni au zaidi, au kupandiwa mti. Na kwa kuwa pepo za Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki na kaskazini-mashariki, madirisha ya chini yafunguke upande huo, na matundu ya kutolea hewa yawekwe juu, karibu na dari, upande wa pili. Mwenye nyumba akiambiwa na fundi kwamba vioo vyote vitakuwa vya kudumu visivyofunguka kwa sababu ndivyo vinavyopendeza, na akatae.

Dhana: Kioo cha tabaka mbili na mapazia mazito vitamaliza joto

Vioo viwili vyenye hewa katikati vilibuniwa hasa kuzuia joto la ndani lisitorokee nje kwenye baridi kali. Jijini Nairobi, ambako nyumba nyingi hazina mfumo wowote wa kupasha joto, hakuna joto la kulindwa namna hiyo, na vioo hivyo vikiwa vyeupe bado hupitisha sehemu kubwa ya nishati ya jua. Pazia la ndani nalo hufika likiwa limechelewa, maana mwanga umeshapita kioo na kugeuka joto upande wa ndani. Kivuli cha nje, kiwe cha ukingo wa paa, cha mwanzi au cha mtambaa uliofungwa kwenye waya, huzuia jua kabla halijaingia, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko ya kuongeza kioo cha pili.

Dhana: Mtoto mchanga ataota jua la asubuhi humo ndani na kupata vitamini D

Dhana hii inafaa kusahihishwa bila kusitasita, kwa sababu wazazi wengi huiamini kwa nia njema. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na miale ya urujuanimno ya aina ya UVB, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Mtoto aliyelazwa nyuma ya kioo hupata mwanga na joto, lakini hapati vitamini hiyo inayomkinga dhidi ya matege. Kioo hicho hicho huruhusu sehemu kubwa ya miale ya UVA, aina nyingine ya urujuanimno, kupita, na hiyo ndiyo hufifisha rangi ya makochi, mazulia na mbao. Kioo cha laminati, yaani vioo viwili vilivyoshikanishwa kwa utando wa plastiki katikati, huzuia karibu miale yote ya aina hizo mbili.

Dhana: Sakafu ipo tayari, kilichobaki ni kusimamisha fremu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sakafu ya baraza mara nyingi humwagwa baada ya nyumba kukamilika, ikiwa nyembamba, juu ya mawe yaliyoshindiliwa, na bila kuunganishwa na msingi wa nyumba. Kwa kubeba viti na watu inatosha kabisa, lakini kuta, vioo na paa ni mzigo wa aina nyingine. Mahali penye udongo mwekundu, kama vile Kileleshwa na Lavington, makosa hayo huchelewa kuonekana. Katika maeneo yenye udongo mweusi wa pamba, kama vile Embakasi na sehemu za South C, ardhi huvimba wakati wa mvua za masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na sakafu isiyo na msingi wa kina hupanda na kushuka peke yake huku nyumba ikibaki ilipo. Dalili ya mapema iko wazi kwa anayeitafuta: ufa mwembamba ulionyooka pale sakafu ya baraza inapokutana na ukuta wa sebule, mpana wakati wa kiangazi na karibu kufungika baada ya mvua. Ufa wa namna hiyo ukiwapo, fremu itakayosimamishwa juu yake itapinda, milango ya kuteleza itakwama na kioo kitapasuka kuanzia pembeni. Mhandisi wa miundo aangalie kwanza, na pengine aamue kuta mpya zichimbiwe msingi wake.

Kuna pia suala la unyevu. Baraza la nje hujengwa na mteremko kidogo ili maji yatiririke kutoka kwenye nyumba, na aghalabu halitandikwi karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini. Likiwa wazi, unyevu unaopanda hukaushwa na upepo, lakini likifungwa hujikusanya chini ya vigae na zulia hadi kuvu ikaota. Kipimo chake ni chepesi: karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ibandikwe sakafuni kwa utepe pande zote nne, iachwe hadi siku ya pili, kisha ifunuliwe. Ikikutwa na matone upande wa chini, au saruji ikiwa imegeuka nyeusi, sakafu hiyo inahitaji kizuizi cha unyevu kabla ya jambo lingine lolote.

Dhana: Silikoni huziba kila kitu

Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 15, ni lita 600 za maji zinazotafuta pa kupita. Mahali panapovuja kuliko pengine pote ni pale paa jipya linapogusa ukuta wa zamani. Silikoni, yaani gundi laini ya kuzibia nyufa, iliyopakwa kwenye kona hiyo huachana na ukuta baada ya misimu michache ya jua na mvua, kwa sababu mabati na mawe hayatanuki kwa kiwango kimoja. Dawa ni bati lililokunjwa na kuchomekwa ndani ya mkato uliochongwa ukutani, kisha likashuka juu ya paa, ili maji yapite juu yake hata kama hakuna silikoni yoyote.

Wanaochagua kuezeka kwa polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwa sababu ya wepesi wake wafahamu kwamba hutanuka mara kadhaa kuliko kioo: karatasi ya mita 3 huongezeka takriban milimita 6 joto lake likipanda kwa nyuzi 30, kiwango ambacho jua la Nairobi hukifikisha kati ya alfajiri na adhuhuri. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu zenyewe, upande wenye kinga ya urujuanimno utazame juu, na vijia vya ndani ya karatasi vifuate mteremko ili unyevu utoke.

Dhana: Vyumba vya ndani havitaguswa

Baraza likifungwa, dirisha la sebule au la jikoni lililokuwa likipumua nje sasa linapumua ndani ya chumba kingine, na mwanga wake hupungua. Hilo ni usumbufu, lakini lipo lililo baya zaidi. Katika nyumba nyingi mtungi wa gesi ya kupikia hukaa barazani, na hita ya maji inayotumia gesi hutolea moshi wake huko huko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa hutulia sakafuni ikingoja cheche. Moshi wa hita nao, kama ulivyo wa jiko la makaa ambalo watu huliingiza ndani usiku wa Julai, huwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua waliolala. Kabla ya kioo cha kwanza kuwekwa, mtungi na hita vihamishwe hadi mahali palipo wazi, bomba la moshi litolewe nje kabisa, na jiko la makaa lisiingizwe humo hata kwa dakika chache. Mifuniko ya maji taka iliyo chini ya baraza ihamishwe pia.

Dhana: Kufunga baraza si kujenga, kwa hivyo hakuhitaji kibali

Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huhesabu kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi kuwa uendelezaji, na anayeanza bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Serikali ya Kaunti ya Nairobi hupokea maombi kwa njia ya mtandao kupitia kwa wataalamu waliosajiliwa. Katika mitaa yenye lango la pamoja na majengo ya vyumba vya ghorofa, mkataba wa umiliki mara nyingi hudai pia idhini ya maandishi ya kampuni ya usimamizi, na anayeishi humo ausome mkataba huo kwanza kabla ya kumlipa fundi malipo ya awali.

Kuhusu usalama, si kweli kwamba chumba cha vioo lazima kifungwe kama seli ndipo wezi wasiingie. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kina nguvu takriban mara nne ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, lakini kikipasuka humwagika chote vipande vidogo. Cha laminati hupasuka kikabaki kwenye fremu, kwa hivyo ndicho kinachofaa kwenye mlango, na hata juu ya vichwa vya watu pale ambapo ukanda wa mwanga umewekwa. Grili zikiwekwa, angalau moja ifunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa sababu moto ukizuka jikoni chumba hiki ndicho kitakuwa njia ya kutokea nje.