Udongo wa Kimeriji na Mvinyo wa Chablis

Kimeriji ni jina la sehemu ya zama za Jurasi, takribani miaka milioni 150 iliyopita, na vilevile la miamba iliyojengeka wakati huo chini ya bahari ya kina kifupi. Jina limetokana na kijiji cha Kimmeridge katika pwani ya Dorset, Uingereza, lakini wanaolitaja kwa fahari ni wakulima wa mizabibu wa Chablis, kaskazini mwa Bourgogne nchini Ufaransa, kwa kuwa sifa ya mvinyo wao mweupe imeegemea udongo huo.

Ukiuchimba utakuta matabaka ya mawe ya chokaa yakipishana na udongo wa kijivu wenye mfinyanzi, na ndani yake magamba yasiyohesabika ya chaza wadogo waliopinda, aina ya Exogyra virgula, yaliyogeuka visukuku. Mfinyanzi hutunza maji kwa ajili ya siku za ukame, ilhali chokaa iliyopasukapasuka hupitisha yaliyozidi, hivyo mizizi haikauki wala haiozi. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya udongo huu.

Juu ya vilima hukutwa chokaa ngumu zaidi ya kipindi kilichofuata, iitwayo Potlandi, ambayo hutoa sehemu kubwa ya Petit Chablis, mvinyo mwepesi unaonywewa ungali mchanga. Kimeriji hubeba madaraja matatu yaliyo juu ya hilo: Chablis ya kawaida, Premier Cru, na ya juu kuliko zote, Grand Cru, yenye mashamba 7 kwenye mteremko mmoja unaoelekea kusini-magharibi, katika ukingo wa kulia wa mto Serein. Mteremko huo hupata jua jingi katika eneo la baridi ambako sakitu ya Aprili huweza kuunguza machipukizi, na kwa sababu hiyo naona si haki kuupa udongo sifa yote.

Madaraja yote manne hutumia zabibu za Chardonnay pekee. Baridi huzihifadhia ukali wake, na watengenezaji wengi huchachushia mvinyo katika matangi ya chuma cha pua ili harufu ya mbao isiufunike. Wengine, hasa wa Grand Cru, hutumia mapipa ya mwaloni, na mvinyo wao huwa mzito zaidi. Wanywaji husema wanaonja jiwe na magamba ya chaza. Ladha hiyo ipo, ila haipandi kutoka kwenye visukuku: mzabibu hufyonza maji na madini yaliyoyeyuka, si ladha ya mwamba, na udongo hufanya kazi yake zaidi kwa kuamua maji yaifikie mizizi kwa kiasi gani na zabibu ziive kwa kasi ipi.